Joto la Mabua ya Ulezi

Juzi mwanangu alinionyesha kwenye simu watu wa nchi za baridi wakijenga kibanda cha theluji na kulala ndani yake.

"Theluji haina joto, mama," aliniambia. "Inazuia tu joto lao lisitoke."

Nikamkumbuka bibi, kule Mpui. Tulikuwa tukipura ulezi, na upepo wa kipupwe ulipozidi alifukua shimo kwenye rundo la mabua, tukajibanza humo wawili. Mle ndani mlinuka vumbi na ugoro wa bibi. Kwa kuwa pombe ya ulezi iliwapasha wazee mwili, niliamini moto wake unaanzia kwenye mabua.

"Bibi, mabua yana moto?"

"Yana moto, mjukuu wangu. Sogea."

Alasiri tuliyomzika, niliwaacha watu wakiimba uani, nikaingia kwenye shimo lile lile. Harufu ya ugoro bado ilikuwamo. Nilisubiri, meno yakigongana, mpaka nikaanza kuyaomba mabua msamaha, nikidhani yamenikasirikia.

Kumbe shimo lilikuwa kubwa mno kwa mtoto mmoja.

Nilimrudishia mwanangu simu yake.

"Sogea," nikamwambia.