Mke wangu alivyofelishwa mtihani wa afya wa taifa

Wakuu, habari za huko mliko. Hii haina chumvi. Mama Majura mwenyewe yuko hapa pembeni anachambua dagaa, nikidanganya atanikatiza.

Ni ile miaka ya dhiki, sabuni kwa foleni, sukari kwa kujuana. Tunaishi Bukima. Zahanati ilikuwepo, tena imepakwa rangi safi. Dawa ndiyo haikuwepo.

Siku moja akaja mdadisi kutoka mjini, kijana wa soksi nyeupe. Soksi nyeupe, Bukima, jamani! Akasema taifa linataka kujua watu wazima nchi nzima wanaelewa kiasi gani mambo ya afya. Kila nyumba anahojiwa mtu mmoja, kwa bahati nasibu.

Nikaenda kuvaa shati. Nimemaliza la saba, halafu mimi ndiye baba mwenye nyumba, nani mwingine?

Karatasi zikakunjwa, likatoka jina la Mama Majura. Nikaomba irudiwe, kijana akagoma. Iliniuma, sifichi.

Kunawa mikono, akapata. Kuchemsha maji, akapata. Likaja hili: umepewa vidonge vya malaria, siku ya pili umepata nafuu na vingine vimebaki. Unafanyaje?

"Natunzaga," akajibu. "Majura akiugua nitampa nini?"

"Hapana, mama. Dozi unamaliza yote." Akaandika amekosa.

Mimi nikacheka kwa sauti. Ndoa iliyumba kidogo hapo.

Jioni gari la kumchukua halikutokea, dizeli enzi hizo ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Akalala kwetu. Asubuhi tunamkuta anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Nikakimbilia zahanati, mganga akanifungulia makabati nijionee mwenyewe. Matupu.

Narudi, jamaa homa imempanda, anaongea na mama yake ambaye hata hayupo. Kicheko kiliniisha. Niliogopa atatufia mikononi.

Mama Majura akaingia chumbani, akatoka na kopo la kahawa. Ndani yake klorokwini, ile ile aliyobakiza kwa ajili ya mtoto. Wakuu, tulikuwa tumeshazika mmoja kwa homa kama hiyo, tumebaki na Majura tu. Nilimwona alivyolishikilia lile kopo. Kisha akalifungua, akampa mgeni vidonge.

Kesho yake jamaa kaamka, anajikuna mwili mzima kwa ile dawa, anaulizia ugali. Mama Majura akamwacha ale ashibe, ndipo akaweka kopo mezani.

"Haya kaka. Nafuu umepata, na vingine hivi hapa vimebaki. Unafanyaje?"

Kijana akaangalia vidonge. Akamwangalia Majura, yuko mlangoni kavaa zile soksi nyeupe mikononi. Akafunga kopo, akalisukuma kwa Mama Majura.

"Natunzaga, mama."

Sasa msije mkasema nimewashauri vibaya. Siku hizi dawa zipo, malizeni dozi zenu. Nilichojifunza ni kwamba kabla hujamwandika mtu kuwa hajui afya, fungua kwanza kabati la zahanati yake.

Mama Majura anauliza, mpaka leo hajajibiwa: kati yake na yule kijana, nani alifeli? Tiririkeni hapa chini. Mimi msinihoji, jina langu halikutoka.