Foleni Fupi Pale Kanisani

Aibu hii nilitaka kuizika, lakini watu wa kijiji chetu hawajui kuzika jambo, na kila ninapowasikia wakiisimulia wameniongezea chumvi (juzi nimesikia eti nilizimia, sikuzimia hata kidogo), kwa hiyo heri niwasimulie mwenyewe, mcheke, mmalize, tuendelee na maisha.

Mimi ni Mama Furaha, muuza kandambili hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda. Mara mbili kwa mwezi naenda Mbarara, naingia Kakoba kwa wenye bei ya jumla, nachagua jozi zangu arobaini, narudi siku hiyohiyo. Mume wangu wakati ule alikuwa Oruchinga kwa kazi ya ujenzi, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi, watoto, mashemeji wawili, wifi, na mama mkwe wangu, Mama Esperansi. Kisa hiki ni chake hasa. Makosa ndiyo yangu.

Mama Esperansi aligongwa na boda pale njia inapopita kati ya bomba la maji na shule. Kijana aliyemgonga alikuwa mpita njia, hata uso wake hatukuuona vizuri, tuliona vumbi tu. Mguu ulivunjika, ukaunga, lakini uliunga kwa kupinda, na jambo lililonikata maini si huko kupinda, ni kwamba tangu siku ile hakuvuka tena njia ile peke yake. Huyu ni mwanamke aliyetoka Kongo kwa miguu na sufuria kichwani na mjukuu mgongoni! Sasa akitaka kwenda kanisani anakaa mlangoni na fimbo yake kungoja mtu ampeleke, na kama sote tuko shambani, anangoja mpaka ibada inaisha.

Basi akaapa kwamba matuta yatawekwa pale. Alimwendea mwenyekiti wa kijiji (sisi tunamwita chemani) asubuhi, akamwendea jioni, mpaka chemani akawa akisikia fimbo anapitia mlango wa jikoni. Mwishowe mkutano ukaitishwa, na mama injinia wa barabara akakubali kuja kutoka Mbarara. Sharti lake lilikuwa moja: wananchi waamue wenyewe, kwa sababu vijana wa boda walikuwa wanapinga, wanasema matuta yanavunja pikipiki na yanawatesa wajawazito wanaopelekwa zahanati (na kusema kweli hoja ya wajawazito ilikuwa na uzito). Kuhesabu mikono tulishakataa zamani, maana kwetu mtu mmoja ana mikono mingi. Tungetumia orodha mbili, ya wanaotaka na ya wanaokataa, na mwenye karatasi ya familia angeruhusiwa kuandikisha watu wazima wote wa nyumba yake, waliopo na walio shambani.

Asubuhi ya siku hiyo nikaamua kwenda Kakoba kwanza. Mkutano ni saa tisa, na ninyi mnajua saa tisa ya mkutano, ni saa kumi na moja ya kweli. Mama Esperansi alinishika mkono mlangoni.

"Mama Furaha, karatasi ya familia iko kwako. Miye na huu muguu siwezi kusimama mu mulongo. Utatuandikisha bote sita. Usichelewe, mama."

"Mama, mbele ya saa tisa niko pale shule," nikajibu. Ni kweli, mkutano ulikuwa ufanyike shuleni.

Nisichojua ni kwamba mchana mvua ilinyesha, paa la darasa likavuja, mkutano ukahamishiwa kanisani. Mimi nilikuwa Kakoba nabishana juu ya kandambili za watoto. Simu ilikuwa imeisha moto na kuzimika, kama kawaida yake.

Nikashuka Nakivale saa kumi na begi langu kubwa, mguu huu na huu kuelekea shule, nikapita karibu na kanisa. Nikaona foleni.

Sasa hapa lazima niwaeleze, ninyi msioishi kambini. Sisi foleni hatuiulizi. Foleni unaiingia kwanza, habari utazipata ukiwa ndani yake, maana ukisimama kuuliza "wanatoa nini?" watu kumi wameshakupita, na wa kumi ndiye anayechukua kipande cha mwisho. Hii nimefundishwa na miaka kumi na mbili ya kupanga mistari. Na pale palikuwa na foleni mbili, meza mbili, daftari mbili, watu wameshika karatasi za familia mikononi, na pembeni ya ukuta makatoni yamepangwa vizuri. (Yalikuwa maji ya kunywa ya wageni. Lakini katoni ni katoni.) Nikasema moyoni: sabuni! Mungu si Athumani. Nachukua sabuni upesi, dakika tano, kisha nakimbia shuleni kwenye mkutano.

Foleni moja ilikuwa ndefu, imejaa wamama. Nyingine ilikuwa fupi, wanaume watupu. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nikachagua fupi.

Kabla ya kuingia nikakumbuka kwamba begi limejaa, na sabuni nitaibebea wapi? Nikajificha nyuma ya kanisa, nikatoa kandambili zote, nikazifunga kwenye kitenge, nikazibeba mgongoni ili begi libaki tupu. Nilipotokea, mzee mmoja akanitazama akasema, "Mupishe mama, iko na mutoto." Wote wakasogea. Ningeweza kusema si mtoto, ni kandambili. Sikusema. Nilitembea mpaka mbele nikijipigapiga mgongo kidogo, taratibu, kama ninabembeleza. (Naomba msinitazame hivyo.)

Mezani alikaa Dezire, Mrundi, mkubwa wa stendi ya boda, mtu mpole anayenyoosha herufi zake kama mwalimu. Nikamwekea karatasi ya familia. Akaisoma, akaniangalia.

"Mama Furaha, weye unakuja upande wetu?"

"Mimi niko upande wa familia yangu. Andika. Watu wazima sita."

"Bote sita? Na mama mkwe wako pia?"

"Yeye ndiye wa kwanza kabisa! Ndiye mwenye shida kuliko sisi wote."

Dezire akaishika kalamu bila kuandika. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa zawadi na hajui imetoka wapi. "Una hakika, mama?" Nikamwambia ndugu yangu, andika, mtoto analala. Akaandika. Nikatia dole gumba. Nikauliza, "Tunachukulia wapi?" Akasema, "Ingia ndani, watasoma majina," na hilo likanithibitishia kila kitu, kwa sababu hata kwenye sabuni majina husomwa.

Foleni zilipokwisha nikaingia, nikakuta katibu wa kijiji ameshaanza kusoma. Kanisa limejaa. Mbele, kwenye kiti, nikamwona Mama Esperansi, majirani wameshamleta, ameketi karibu na mama injinia. Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri: tazama, hata yeye amepitia sabuni kwanza, kumbe tuna akili moja! Nikampungia mkono. Akanipungia, akatabasamu na meno yake yote, akawa kama mtu aliyetua mzigo. Tabasamu lile linanichoma mpaka leo.

Majina yakasomwa, yakasomwa, nyumba kwa nyumba, na ya kwetu hakuna. Nikaona Mama Esperansi anageuka kunitazama. Na mimi nikaanza kupandwa na hasira, nikasema hapa wametukata, siku zote ni sisi tu, nikapaza sauti kutoka nyuma:

"Na sisi je? Mbona hatusomwi? Tumeandikwa!"

"Pole, nyabo," akasema mama injinia kwa upole, Kiswahili chake ni kile cha Uganda cha kukatakata. "Ngoja kidogo. List ya pili iko nakuja."

Katibu akachukua daftari la Dezire. Akasoma, akasoma, mimi nimeshaanza kufungua zipu ya begi. Karibu na mwisho: "Safi Riziki."

"Niko hapa!" nikaruka juu na mkono hewani. Ndiye mimi huyo, kwa jina la karatasini.

"Mapendo Esperansi."

Vichwa vyote vikageuka. Mama injinia akamgeukia mama mkwe wangu, akautazama ule mguu, akamtazama usoni. "Mama, wewe si ndiyo ile naonyesha sisi mguu sasa hivi? Wewe nakataa matuta?"

Matuta! Nikalifunga begi zipu. Katibu akamalizia majina ya mashemeji, wifi, na mume wangu aliye Oruchinga asiyejua chochote, na wachache waliobaki, kisha akajumlisha. Wanaokataa wamezidi kwa watu wanne. Vijana wa boda wakapiga makofi. Na sisi tulikuwa sita. Hata mimi niliyeacha shule mapema hesabu hiyo niliiweza.

Mama Esperansi akageuka kitini. Alinitazama tu, na ule uso wake nikautambua, ni uso ule anaokuwa nao akikaa mlangoni Jumapili kungoja mtu wa kumvusha.

Nikasema lazima nifike mbele. Nikaanza kupenya katikati ya watu, na kwa haraka zile fundo la kitenge likaachia. Mzigo ukaanguka chini, pwaa! Na kwa kuwa watu wote walijua nina mtoto mgongoni, mnaweza kufikiria kelele zilizopigwa mle ndani. "Mutoto! Mutoto ameanguka!" Mama mmoja akajitupa chini kumdaka. Mchungaji akaita jina la Yesu. Yule mzee aliyenipisha kwenye foleni alishika kichwa kwa mikono miwili. Na kutoka kwenye kitenge zikatoka kandambili, jozi arobaini, nyekundu, buluu, za maua, zikatawanyika mpaka chini ya mimbari.

Yule mama aliyelala chini akainua kandambili moja ya mtoto, namba ishirini na sita, akaitazama mbele na nyuma.

"Nilifikiri ni sabuni," nikasema.

Basi nikaeleza yote, begi, makatoni, foleni fupi, na mtoto asiye mtoto, huku nikilia na kutokwa na makamasi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo kanisa lilivyozidi kucheka. Walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mama injinia alifuta macho kwa zile karatasi zake za kazi. "Banange," akasema, "mimi nafanya mikutano miaka mingi, hii sijaona."

Lakini kijana mmoja wa boda akasimama, akasema kidole ni kidole, kilichotiwa kimetiwa, tukianza kufuta majina hatutamaliza leo. Hapo kicheko kikakatika. Alikuwa na haki, na mimi nilijua. Mama injinia akamwuliza Dezire, kwa kuwa daftari ni lake: yeye anasemaje?

Dezire angeweza kushinda siku ile kwa kunyamaza tu. Akasimama taratibu.

"Nilimuuliza mara mbili," akasema. "Na moyo wangu ulijua huyu mama amepotea, lakini nikaandika. Na miye nina kosa. Muwafute, muwatie fasi yao."

Tukafutwa sita, tukaandikwa sita upande wa matuta, safari hii Mama Esperansi akaletewa daftari kitini akatia dole lake mwenyewe, akalikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Matuta yakapita. Dezire akaomba jambo moja tu, yasiwe marefu sana kwa ajili ya wajawazito, na mama injinia akakubali.

Watu walinisaidia kuokota kandambili (jozi moja ya maua haijaonekana mpaka leo, na naijua nyumba iliyomo). Tukarudi nyumbani, mama mkwe na mimi, yeye mkono wake mabegani kwangu. Nilikuwa naandaa maneno ya kuomba msamaha, nayapanga, nayapangua. Tulipofika pale njiani akasimama, mabega yakaanza kumtetemeka, nikafikiri analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani na fimbo yake, na mimi nikakaa, na mzigo wote niliokuwa nao kifuani ukashuka. Sijawahi kusikia raha kama ile.

"Ulimubembeleza?" akaniuliza. "Zile viatu, ulizibembeleza?"

"Kidogo tu, Mama."

Matuta yaliwekwa baada ya mavuno. Karatasi ya familia sasa inakaa chini ya mto wa Mama Esperansi, kila orodha anaandikisha yeye, na mimi sithubutu kulalamika. Sasa nikiona foleni nauliza kwanza, hata nikiwa wa mwisho, hata watu wanicheke, na wananicheka kweli.

Jumapili ya kwanza baada ya matuta niliamka nimechelewa, nikajifunga kitenge upesi ili nimpeleke kanisani. Mlangoni sikumkuta. Nikakimbia mpaka njiani, moyo mkononi, nikamwona peke yake anakaribia ng'ambo, pikipiki mbili zimesimama zikimngoja, na yeye hana haraka hata kidogo.