Safari ya Golicha Kuzunguka Kibanda

Saa kumi na mbili alfajiri, lango la miiba bado limefungwa. Watu wanaotaka kwenda kuteka maji wamechuchumaa kwa mstari, mikono kichwani, kama amri inavyotaka. Mmoja tu amesimama wima katikati yao, ameshika shingo ya mmoja wa punda wake.

"Mzee, chuchumaa kama wengine!" anafoka askari wa zamu, Rimberia.

"Afande, magoti imekataa," anajibu Golicha Umuro. "Ngoja jua ipande kidogo, nitakaa."

Rimberia hana subira hiyo. Lango linafunguliwa, wengine wanatoka mmoja mmoja, na Golicha anarudishwa nyuma. Mkewe, Abiba, anashika kamba za punda wawili na kwenda mtoni peke yake. Ni mara ya nne mwezi huu.

Golicha, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, huwauzia maji wakazi wa kijiji hiki kilichozungushiwa miiba nje ya mji wa Isiolo, upande wa Burat. Humu ndimo wafugaji walimokusanywa na serikali vita vya Shifta, vya waasi wa kaskazini waliotaka kujitenga na Kenya, vilipopamba moto. Debe moja ni senti ishirini. Asipotoka, na mkewe asipopata nafasi, hawali.

Ugonjwa ulimwanza akiwa kijana wa miaka ishirini na tatu. Huja na kuondoka. Wiki kadhaa yuko salama, kisha viungo vinavimba na kuwaka moto, na mgongo unakakamaa kutoka kiunoni hadi shingoni. Ajabu ni kwamba kupumzika ndiko kunakomuumiza zaidi.

"Asubuhi mimi ni ngozi kavu," anasema. "Ngozi kavu ukiiacha inavunjika. Ukiisugua inalainika. Mimi nasuguliwa na njia."

Zamani njia ilikuwepo. Alipochunga ngamia wa babake kati ya Sericho na Kinna, aliamka akilia, lakini kabla ya adhuhuri maumivu yalikuwa yamebaki nyuma. Leo ngamia hawapo. Wengine waliibwa, wengine walikufa kwa kufungiwa bila malisho. Waborana, watu wa kabila lake, wameipa miaka hii jina la daaba, yaani kusimamishwa, na hakuna aliyesimamishwa kama Golicha.

Jasper Kithinji, mhudumu wa zahanati, humpa dawa kila anapozidiwa. "Namwambia atembee, asilale," anasema. "Lakini mimi niko na aspirini tu. Ufunguo ya lango sina."

Basi mwaka jana Golicha akajitungia safari. Kila alfajiri alitembea kando ya ua, akizunguka na kuzunguka, huku akitaja visima na vilima vya njia ya zamani. Askari wakamwona. Mtu anayekagua ua kila siku anatafuta nini, kama si tundu la kutorokea? Wakamuuliza anakwenda wapi.

"Niliwaambia naenda Sericho," anasema. "Hiyo ndiyo kosa yangu."

Walimpiga mgongoni, papo hapo penye ugonjwa. Alilala siku nyingi, na alipoinuka shingo ilikuwa imekataa kugeuka. Inatia uchungu kumwona akizungusha mwili mzima ili amtazame mtu aliyemwita.

Penye nia pana njia, watu husema. Hapa nia ipo, njia ndiyo imezibwa kwa miiba. Siku hizi anazunguka kibanda chake mwenyewe, mkono mmoja ukutani, na nyayo zake zimechimba mfereji mdogo kuzunguka nyumba.

Abiba anarudi, anashusha madebe na kumuuliza mumewe, "Baba Sora, umefika wapi leo?"

"Nimepita Garba Tulla."

"Ukifika Kinna usirudi mikono mitupu. Niletee mahindi."

Wanacheka wote wawili. Kisha Abiba anageukia ukuta na kujipangusa macho kwa ncha ya mtandio.

Golicha hatamani ngamia tena. Anaogopa jambo moja tu, kwamba mgongo utajifunga kabisa kabla lango halijafunguka. "Wanasema vita itaisha. Siku hiyo nataka kupita hapo kwa miguu yangu. Nisibebwe kama maiti."

Jua limepanda. Anauachilia ukuta, anakunja magoti taratibu, na safari hii yanakubali. Anachuchumaa hadi chini, mikono kichwani. Lango limeshafungwa, lakini anajizoeza kwa ajili ya kesho.