Mume Wangu Ndiye Mkalimani wa Tumbo Langu

Wasomaji, nimeomba jina langu lifichwe kwa sababu mume wangu hununua gazeti hili. Nina miaka ishirini na tisa, tunaishi Lanet, na tangu tuoane mwaka wa 1972 sijashika mimba. Yeye ni mwalimu. Mimi niliachia darasa la nne, Kiingereza hunipita juu ya kichwa.

Daktari wa hapa Nakuru alipotaka tupimwe sote wawili, mume wangu aliwaka. "Mimi si fahali wa kupimwa!" Basi nikameza vidonge vya kukomaza yai peke yangu, kisha tukatumwa Nairobi kwenye mashine mpya inayoonyesha ndani ya tumbo kwa kioo kama cha televisheni. Nilinyweshwa maji mpaka kibofu kikataka kupasuka, nikapakwa mafuta tumboni. Daktari Mzungu, mgeni asiyejua Kiswahili, akaona kiduara cheusi, akakionyesha kwa kidole huku anacheka kwa furaha. Halafu akatuelekezea mkono, mimi na mume wangu, akaunganisha vidole vyake viwili.

"Anasema nini?" nikamuuliza mume wangu.

"Hiyo ni uvimbe. Anasema tulale mbali mbali mpaka iishe."

Njiani nikamuuliza, kama ni uvimbe, mbona daktari alikuwa anacheka?

"Wazungu hucheka hata kwa matanga."

Tulipofika nyumbani akahamishia blanketi lake sebuleni.

Picha ya kile kiduara, tuliyopewa hospitalini, aliipeleka kwa mama yake Mau Narok. Mama mkwe, ambaye hata picha ya arusi yetu huishika juu chini, akaikagua na kutikisa kichwa. "Si mnaona hiyo giza? Mtoto atakaa wapi hapo?" Sasa nasikia kuna msichana ameonwa Kuresoi. Wazazi wangu wameitwa baada ya mavuno ya ngano, waje wanichukue.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nashuku kile kiduara kilikuwa yai, na mume wangu anajua kasoro iko wapi. Yai likiwa limekomaa, tulale pamoja na mimba isiingie, lawama itamwangukia nani? Nina hasira.

Binti wa Singasinga mwenye duka jirani anajua Kiingereza, na amekubali kunisindikiza kwa yule daktari. Nishaurini kabla ngano haijavunwa, niende? Na nikiambiwa lilikuwa yai, nitarudi kwenye nyumba ipi?