Madungusi Aliyokataa Kuyapa Jina

Habari ya kifo chake ilinifikia Jumanne nikiwa kwa kinyozi mjini Kitale, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Binti yake ndiye aliyepiga simu. "Mama ametuacha," akasema. Marehemu alikuwa na kitalu cha miche kando ya barabara pale Kibomet, na huenda wewe msomaji uliwahi kununua waridi kwake. Mimi nina la ziada la kulia. Nililichafua jina lake katika safu hii hii, akaniomba nilisafishe, nikaahirisha mpaka akafa.

Tulijuana kwa ajili ya madungusi, mimea ya miiba isiyo na majani, yale marefu yanayosimama wima kama nguzo za ua. Alikuwa ameyapanda kwenye mikebe ya rangi, kila moja limefungwa kipande cha leso kuukuu. Nikadhani ni urembo. Kumbe kila kitambaa kilionyesha alikokata kipando: chekundu kwa mchungaji wa Bungoma, cha manjano kwenye ukuta wa shule hapa Kitale. Jina la aina hakuwa nalo, wala hakuona haya kusema hivyo. "Hizi zikiwa ndogo ni kama mapacha," aliniambia. "Mtu anahesabu matuta ya shina, lakini si matuta huongezeka ikikua? Anaangalia miiba, na hiyo hiyo ukiweka kwa kivuli inatoa miiba kidogo. Mimi najua ilitoka wapi. Jina, ngoja ichanue." Nikamtania kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Alicheka, akaniuliza kama nimemwona akiumwa na tumbo.

Siku hizi unaelekeza simu kwenye mmea, inakupa jina kabla hujameza mate. Majirani zake wa vitalu nao waliyapa madungusi jina lolote ambalo mteja alitamani kulisikia. Yeye alikuwa radhi mteja aende zake. Biashara yake yote ilisimama juu ya hilo, kwamba asichokijua hakisemi, na mimi ndiye niliyekuja kulibomoa nikidhani namsifu.

Aliniambia kwamba lile la kitambaa chekundu labda ni aina inayozaa matunda ya kuliwa, maana mchungaji alisikia hivyo. Nilipoketi kuandika niliona "labda" inapunguza utamu wa makala. Nikaifuta. Mwalimu mmoja mstaafu wa Ndalu akasoma, akaja akabeba miche ya kuzungushia boma lake lote, akaitunza miaka. Hatimaye ikachanua, na matunda yaliyotoka yalikuwa madogo, makavu, yenye manyoya, ambayo hata kuku waliyapita. Mwalimu akafika Kibomet na gazeti mkononi, akamwita mama wa watu mwongo mbele ya wateja.

Hakunigombeza. Alinipigia tu simu. "Mwandishi, si uandike hata kidogo kwamba nilisema labda? Sitaki watu waseme ati nilidanganya." Nikamjibu, "Wiki ijayo, Mama." Wiki iliyofuata niliandika juu ya barabara mbovu, iliyofuata tena juu ya mbolea. Kila tulipokutana aliniuliza, kwa upole, baada ya salamu. Kisha akaacha kuniuliza, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi kwamba amesahau.

Tulimzika Jumamosi nyumbani kwao, karibu na Lugulu. Nyuma yangu mwanamke mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Si huyu ndiye alidanganya watu na miti ya miiba?" Mwenzake akajibu, "Ndiye, bana. Ilikuwa hadi kwa gazeti." Ilinipasa kugeuka. Niliinamisha kichwa nikajifanya nasali, huku machozi yakinidondokea mikononi.

Nimejifunza kwa kuchelewa kwamba jina la mtu halisubiri nafasi ya gazeti. Kama kuna mtu anayengoja neno lako moja limrudishie heshima yake, acha kusoma hapa, nenda ukamwambie, tena mbele ya watu. Nami lazima nianze na mtu mmoja. Mwalimu wa Ndalu, yule mama hakukudanganya. Mimi ndiye niliyekudanganya.