Roketi Iliyopakwa Mafuta

Ugonjwa wa mume wangu ulianzia vidoleni. Ni ugonjwa unaokula misuli, na mimi ni muuguzi. Nilijua utaishia wapi kabla daktari hajamaliza sentensi yake. Nilimchukia daktari yule kwa upole wake.

Vidole hivyo ndivyo mume wangu alivyovihitaji. Kwa miaka mingi alikuwa akirusha roketi, si vitu vya kuchezea watoto, bali mirija iliyonipita urefu, yenye injini za kutetemesha ardhi. Alikuwa na cheti cha daraja la kwanza na alitaka cha pili. Kanuni ya klabu yao ni fupi: anayetaka cheti aiunde roketi kwa mikono yake mwenyewe, airushe, na irudi chini ikiwa nzima kiasi cha kuweza kuruka tena. Mkono wa mtu mwingine ukiingia, hakuna cheti.

Basi akaanza kuirekebisha roketi yake ya zamani katika gereji yetu ya Carrollton, Texas, ambayo haijawahi kulaza gari. Alitoa bomba la injini na kutia pana zaidi, akaimarisha mapezi kwa gundi, akaongeza urefu wa kamba ya parachuti. Kazi ya wikendi moja ilimla miezi. Drili ilimponyoka, akaiokota, ikamponyoka tena. Nilisimama mlangoni na mikono yangu hii inayopata mshipa wa kichanga kwa sindano ya kwanza, nimeikunja kifuani kama mgeni.

"Mama, rudi ndani," aliniambia. "Ukikaa hapo utanisaidia."

Kilichomchosha zaidi ni ncha, ile kofia ya juu ya roketi. Haibandikwi kwa gundi, hubanwa tu na mizunguko ya utepe wa karatasi, ikaze isichomoke mapema, lakini ilegee kiasi cha kusukumwa na baruti ili parachuti itoke. Alibandika, akabandua, akabandika tena mpaka akaridhika.

Asubuhi ya kurusha, watu wa fellowship yetu, Wakenya tunaosali pamoja, walikuja kumwombea. Nani angewazuia? Mkenya akiugua huku Texas, mlango wake haufungwi. Walikunywa chai, wakaimba, tukasongamana gerejini. Mama aliyeongoza maombi alimpaka mume wangu mafuta ya zeituni kwenye paji la uso, kisha viganjani, halafu, kabla sijameza mandazi, akaigeukia roketi.

"Na hii pia, Bwana, iende salama na irudi salama, in Jesus' name!"

Akaizungushia mafuta shingoni, pale pale ncha inapoingia mwilini, na aliyamimina, maana mama yule hajawahi kuwa bahili wa baraka. Tukasema amina. Amina ya mume wangu ilikuwa kubwa kuliko yangu. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno, lakini wahenga hawakurusha roketi.

Uwanja wenyewe ni malisho ya ng'ombe kaskazini mwa jiji. Mkaguzi wa klabu, mzee mmoja wa Kizungu, aliinua roketi kwa ncha, ikashika, akaipitisha. Mume wangu alibonyeza kitufe kwa kifundo cha mkono. Ikapaa ikinguruma, nami niliyeapa kunyamaza nikapiga vigelegele. Kisha moto wa injini ukazimika. Mwili wa roketi ulipunguza mwendo, ncha ikachomoka kabla baruti haijawaka na kuendelea peke yake, parachuti ikatoka katika kasi ile na kuraruka vipande. Tuliukuta mwili umejikunja kwenye nyasi.

Mkaguzi alivua kofia, akasema pole, ajaribu tena mwezi ujao. Mwezi ujao! Mume wangu alimshukuru kwa adabu. Mimi niliupapasa utepe, ukaniachia mafuta vidoleni.

Garini nililipuka. "Huyo mama nampigia simu leo. Leo atajua hajui!"

"Usimpigie," alisema. "Niliona."

"Uliona nini?"

"Hiyo mafuta. Walipotoka nilijaribu kutoa ncha ndio nibadilishe tape. Vidole zikakataa."

"Na si nilikuwa hapo tu kitchen, naosha vikombe!"

"Nilikusikia ukiosha."

"Sasa mbona hukuniita?"

Alitazama nje, malori yakitupita.

"Nilitaka kitu moja tu, Mama," alisema. "Moja tu, kabla uanze kunifanyia kila kitu."

Niliendesha huku nikilia, na sikujificha. Tulipofika nyumbani nilizima gari, nikashuka na kuzunguka upande wake. Alikuwa ameweka mikono mapajani, ananisubiri nimfungulie mkanda.