Mzee Kagua Mkiani mwa Ubao

Kampuni ilikuwa na malori arobaini na Meneja wa Usalama mmoja, na meneja huyo hakuwahi kuendesha hata toroli. Madereva walimwita Grafu, kwa sababu hakuamini jambo lolote mpaka alione limechorwa kwa mistari ya rangi. Ungeingia ofisini kwake unavuja damu, angekuuliza ni asilimia ngapi.

Yeye ndiye aliyeleta vifaa vya kuzuia ajali. Kila lori lilifungwa kamera ndogo nyuma ya kioo cha mbele na king'ora karibu na usukani. Ukimkaribia mtu au gari kupita kiasi, king'ora kinalia; ukichelewa kukanyaga breki, kifaa kinazishika chenyewe. Kilikuwa kifaa kizuri sana. Bahati mbaya kiliangukia mikononi mwa Grafu, naye akaamua kwamba kila mlio ni kosa la dereva. Akatundika ubao getini: mwenye milio michache juu, mwenye milio mingi chini, na atakayekaa mkiani miezi mitatu mfululizo afungashe virago.

Basi plasta za vidonda zikaanza kuadimika kwenye maduka ya dawa ya jirani. Dereva akishatoka getini anabandika moja juu ya kamera. Akikaribia kurudi anaibandua. Milio ikapungua kutoka mia nane kwa mwezi hadi sitini. Grafu aliita mkutano, akaonyesha mstari wake ukiteremka, akajipigia makofi mwenyewe. Aliyeshika namba moja alikuwa jamaa anayekata kona huku anajibu ujumbe kwenye simu. Huyo ndiye akavishwa kofia ya Dereva Bora.

Mkiani alikaa Mzee Kagua.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja kwenye usukani. Alifika kazini kabla ya wenzake, akafuta vioo kwa shati la shule alilokuwa akivaa binti yake, kisha akazunguka lori akigonga tairi moja moja kwa kipande cha chuma na kusikiliza. Vijana walimcheka.

"Mzee, unalibembeleza?"

"Bora nibembeleze lori kuliko kubembeleza wafiwa," aliwajibu, akaendelea kugonga.

Njia yake ilipita katikati ya soko, penye mikokoteni na watu wanaovuka bila kuangalia, kwa hiyo king'ora chake kililia kutwa. Miezi miwili ikapita jina lake liko chini kabisa. Mkewe akakosa usingizi.

"Mume wangu, ziba na wewe. Kiplasta tu! Umri huu wakikufukuza, nani atakupa gari?"

Siku moja alijaribu. Alishika plasta, akainua mkono, akamkumbuka mwendesha baiskeli ambaye yeye mwenyewe alimgonga kwa lori zamani, akiwa bado dereva kijana. Yule mtu alipona, lakini mpaka leo anatembea akiburuta mguu, na wakikutana ndiye anayewahi kumsalimia. Salamu hiyo humuumiza Mzee Kagua kuliko matusi. Siku ya ajali ile hapakuwa na chombo cha kumpigia kelele dereva. Aliirudisha plasta mfukoni.

Ikafika siku ya mwisho ya mwezi wa tatu. Mchana Mzee Kagua alikuwa anarudi na lori tupu, mwendo wa mtu anayetembea, akipita kati ya malori yaliyoegeshwa uani mwa kampuni. Grafu naye alikuwa akimpiga picha Dereva Bora na kofia yake, na kwa kutaka kofia na lori vyote vitoshe pichani, akarudi kinyumenyume hadi katikati ya njia. King'ora kililia. Breki zikashika kabla mguu wa mzee haujafika, na hilo yeye mwenyewe alilikiri. Bamba la mbele lilisimama shubiri moja kutoka mgongoni mwa Meneja wa Usalama.

Mzee aliteremka mbio. "Mkubwa, umeumia?"

Simu ilikuwa imemponyoka Grafu. Akaiokota, na papo hapo ikamletea taarifa: lori namba kumi na tisa, mlio mmoja, breki ya dharura.

Nusu saa baadaye alimwita mzee ofisini. Fomu ya maelezo ya mlio ilikuwa tayari mezani.

"Pole mzee, lakini mlio umeshaingia kwenye mfumo. Sasa wewe ndiye wa mwisho kwa miezi mitatu. Jaza hapa, mimi nitie saini, ipande kwa mkurugenzi."

Mzee Kagua aliivuta fomu. Alitamani kucheka, akatamani kulia, mwishowe akamdharau kwa moyo wake wote, na dharau ile ikamtuliza. Akavaa miwani, akajaza kwa mwandiko wake mkubwa wa taratibu, akaisukuma fomu upande wa pili wa meza, akakunja mikono.

Grafu alishika kalamu, akasoma.

Kitu kilichokaribiwa: *Meneja wa Usalama.*

Dereva angefanya nini ili king'ora kisilie: *Ningeziba kamera kwa plasta, kama Dereva Bora.*

"Tia saini, mkubwa," alisema Mzee Kagua. "Mkurugenzi anasubiri."